"Green timber" ni mbao za kijani au mbao mbichi? Naomba msaada kabla sijamjibu mteja

Kijana wa Mafinga aliandika:

Habari za jioni wakuu. Naomba wenye Kiingereza cha kazini, si cha darasani tu, mnisaidie.

Mimi na baba mdogo tunauza mbao hapa Mafinga, paina kwa wingi na mlingoti kidogo. Tumepata mteja wa Nairobi kupitia dereva mmoja anayepeleka mizigo huko, na jana katuma oda kwa barua pepe. Barua yenyewe fupi, ila neno green limo mara tatu:

"We are a green company and buy only from replanted forests."

"Green timber will be rejected on arrival."

"Kindly give us the green light by Friday so that we can send the deposit."

Ya kwanza nahisi ni mambo ya mazingira. Ya tatu naona anaomba tumkubalie ili atume malipo ya awali. Inayoniumiza kichwa ni ya katikati. Uwanjani tuna mafungu mawili. Fungu la kwanza ni mbao nyeupe, mbili kwa nne na mbili kwa sita, zimepasuliwa juzi tu. Fungu la pili ni mbao za dawa, zile zenye ukijani, zimetoka kwenye tanki wiki hii.

Baba mdogo anasema jambo liko wazi: mteja hataki za kijani, tumpakilie nyeupe. Mimi nasita. Kamusi niliyo nayo inaanza na "rangi ya majani", halafu inashuka na maana nyingine chungu nzima bila kusema ipi inakaa wapi. Lori la kwenda Nairobi si hela ndogo, na mzigo ukikataliwa kule hatuna pa kuupeleka. Ijumaa iko karibu. Nani anajua?

Fundi wa Msumeno alijibu:

Kijana, usipakie kitu kwanza.

Kwenye biashara ya mbao green timber ni mbao mbichi. Rangi haihusiki kabisa. Ni mbao ambayo bado ina maji ya mti. Hizo nyeupe zako za juzi ndizo green zenyewe, hata ziwe nyeupe kama sima. Paina iliyoangushwa leo unaweza kukuta maji yaliyomo yana uzito kuliko mti mkavu wenyewe, ndiyo maana wapimaji wanaandika unyevu wa zaidi ya asilimia 100 na hawajakosea. Ikishuka kufika asilimia 30 hivi, maji yaliyokuwa wazi ndani ya vijitundu yameisha, yamebaki yale yaliyoshikana na nyama ya mti. Kuanzia hapo ndipo mbao inaanza kusinyaa, kupinda na kupasuka ncha. Mteja aliyepokea inchi 6 mbichi atajikuta baadaye ana inchi 6 kasoro, na fremu alizopiga zimeachana. Hilo ndilo analolikimbia.

Halafu paina mbichi ikipangwa bila nafasi, ikafunikwa turubai safari nzima, inafika na madoa ya bluu. Ni ukungu ule. Hauli mbao, ila unaharibu sura, na mnunuzi hataki kuuona.

Sasa sikiliza la pili, ndilo baba yako mdogo asipolijua mtaumia. Hizo za dawa nazo usidhani zimepona. Ukijani wake unatoka kwenye dawa, ile yenye shaba, kromu na aseniki. Lakini dawa inaingizwa kwa presha ikiwa imeyeyushwa ndani ya maji. Mbao iliingia tankini kavu, ikatoka imelowa tena mpaka ndani. Kwa hiyo mbao iliyotoka tankini wiki hii ni ya kijani kwa macho na ni mbichi kwa kipimo. Mteja akichomeka mashine yake ya kupima unyevu ataikataa vilevile, na sababu itakuwa maji, si rangi.

Na kwa kuwa nimeitaja hiyo dawa: mabaki yake msiwashie jikoni wala msichomee nyama. Ile aseniki inabaki kwenye moshi na majivu. Naona watu wanaokota vipande hivyo nyuma ya viwanda na roho inaniuma.

Mzee wa Ipogolo alijibu:

Mnazunguka sana. Mpigie mteja simu umuulize. Kuuliza si ujinga.

Mwalimu wa Tukuyu alijibu:

Kamwene kijana, na Fundi nakusalimu. Mzee wangu wa Ipogolo, shikamoo. Kuuliza ataulizwa, lakini ukiuliza "unataka za kijani au hutaki?" utapata jibu litakalokupoteza zaidi. Kwanza ajue anauliza nini.

Mimi nafundisha Kiingereza sekondari huku Tukuyu, na kabla ya ualimu nilikuwa karani wa mizani kwenye banda la kununulia chai. Fundi amesema kweli tupu. Nataka tu kijana aone ukweli huo unatoka wapi, maana neno hili atakutana nalo tena kwenye hati nyingine.

Green kwa asili ni ndugu wa grow, yaani kuota, na wa grass, nyasi. Wanaochunguza historia ya Kiingereza wanayaweka yote matatu kwenye shina moja. Kwa hiyo toka zamani halikubeba rangi peke yake. Lilibeba pia habari ya kitu kinachoota, chenye maji ndani, ambacho hakijakauka wala kukomaa. Sisi kazi hiyo tumeigawa. Rangi tumeipa jani, tukapata kijani. Hali tumeiachia -bichi. Na hata hivyo, tukitaka kuisema rangi hiyo ikiwa imekolea, tunasema kijani kibichi, tunazikutanisha tena.

Njoo kwenye chai. Mkulima wa Rungwe akileta gunia bandani, Kiswahili kinaandika "majani mabichi ya chai". Karatasi za kiwanda zinaandika "green leaf". Ni kitu kilekile. Kenya kuna aina ya chai yenye majani ya zambarau, lakini siku ya kupimwa nayo inaingia daftarini kama green leaf. Kinachotazamwa ni kwamba jani limetoka shambani na halijaguswa na kiwanda. Pale mizani nilikuwa nazamisha mkono katikati ya gunia kabla sijaandika kilo. Likiwa la baridi na linachezacheza mkononi, sawa. Likiwa limeshindiliwa, utasikia joto, na ukilivuta jani la katikati unakuta kingo zimeanza kuwa nyekundu. Hilo lilishaanza kuiva njiani, na kiwanda hakilitaki, kwa sababu kinataka kulinyausha, kulikata na kuliivisha chenyewe kwa kipimo chake.

Lakini kiwanda hichohicho kikitengeneza "green tea", hapo hatusemi chai mbichi. Tunasema chai ya kijani, na tuko sahihi. Ile imekaushwa, haina ubichi wowote. Tofauti yake na chai nyeusi ni kwamba jani lilipashwa moto mapema, kwa mvuke au kwenye kikaango, kabla halijageuka rangi. Mmea ni uleule mmoja. Kwa hiyo ndani ya jengo moja una green mbili: ya mlango wa kuingilia ni ubichi, ya mlango wa kutokea ni rangi.

Tazama sasa ilivyosambaa. Tofali lililotoka kwenye kibao na bado halijachomwa, Mwingereza analiita green brick, nasi tofali bichi. Chungu ambacho hakijapita motoni ni greenware. Wanawake wa Kikisi kule Ikombe, ng'ambo ya Matema, wanavianika vyungu vibichi kwenye kivuli kwanza, na rangi yake ni ya udongo, hakuna kijani hata chembe. Ngozi ambayo haijatiwa dawa ni green hide, ngozi mbichi. Kiingereza cha zamani kilikuwa na green wound, nasi mpaka leo tunasema kidonda kibichi. Jibini iliyotengenezwa karibuni, haijakaa ikakomaa, wameiita green cheese hata iwe nyeupe pe. Wanao msemo wa kale kwamba mwezi umetengenezwa kwa green cheese, na wasomaji wengi siku hizi wanauchora mwezi wa kijani. Msemo ulikuwa unataja jibini changa, nyeupe, la mviringo.

Ukihamia kwa binadamu, green ni asiyezoea kazi. "The new conductor is still green" maana yake konda mpya bado mgeni na kazi, hajapigwa na barabara. Huwezi kulisema hilo kwa kijani. Sisi tunasema bado mchanga, na wengine husema bado mbichi. Hapo lugha mbili zimekutana tena, na hakuna aliyemwiga mwenziwe.

Ila si kila green ya mtu ni hiyo, kuwa mwangalifu. "She looked green" kwa abiria wa siti ya nyuma basi linaposhuka Kitonga maana yake anakaribia kutapika. "Green with envy" ni kujaa wivu, na Shakespeare alishaupa wivu macho ya kijani. Hizi mbili zimetoka kwenye rangi, rangi ya uso wa mgonjwa.

Barua yako basi. "Green company" ni rangi iliyofanywa alama. Watu wa mazingira waliichukua kama bendera yao, na chama cha Ujerumani kilichoanzishwa 1980 kinaitwa kwa rangi hiyo. "Green light" ni taa ya barabarani na ya reli. "Green timber" ni ubichi. Sentensi tatu, green tatu, na aliyeandika pengine hakuhisi hata kidogo kwamba amebadili maana.

Mkulima wa Vwawa alijibu:

Mwalimu asante, nimesoma mpaka mwisho. Lakini naomba nitie breki. Mkimwambia kijana green ni mbichi na akaondoka nayo hivyo, akija kwetu Mbozi atawagombanisha watu.

Kwenye kahawa "green coffee" si kahawa mbichi. Mkulima wa hapa ukimwambia kahawa mbichi, anajua unasema tunda ambalo halijawiva, lile ambalo CPU, kwenye mtambo wa kumenyea kahawa, tunalitoa mezani kwa mkono kwa sababu likichanganyika na jekundu linaharibu ladha ya fungu zima. Mnunuzi wa nje akiandika green coffee anamaanisha punje iliyokwisha kumenywa, kuvundikwa, kuoshwa, kukaushwa na kukobolewa. Unyevu umebaki asilimia 10 mpaka 12. Kwetu inaitwa kahawa safi. Imepita mikono ya kila mtu kuanzia shamba mpaka kiwanda cha kukoboa. Rangi yake ni ya kijivu iliyochanganyika na ukijani, wakati mwingine kama bluu.

Nimewahi kusikia mkalimani kwenye mkutano wa AMCOS, chama chetu cha ushirika, akiwatafsiria wakulima kwamba mgeni anataka "kahawa mbichi". Ukumbi ulichafuka. Watu wakaanza kuuliza kama wavune kabla haijawiva. Ilichukua muda mpaka mtu mmoja akaleta punje kwenye kiganja, akamwonyesha mgeni, mgeni akatikisa kichwa kwamba ndiyo hiyo.

Mwalimu wa Tukuyu alijibu:

Ndugu wa Vwawa, umenisaidia sana, na mfano wako ndio unaolifungua jambo hili vizuri kuliko mifano yangu yote.

Kila green ya namna hii inasema kuna hatua ambayo kitu bado hakijaipita. Swali la kujiuliza ni: bado nini? Na jibu linategemea anayesema anangoja nini. Mpasua mbao anangoja ukavu, kwa hiyo kwake green ni bado haijakauka. Mchoma tofali na mfinyanzi wanangoja moto. Mtengeneza ngozi anangoja dawa yake. Mwenye basi anangoja konda azoee. Na mnunuzi wa kahawa wa ng'ambo ni mkaangaji. Kwake kazi yote mliyoifanya Mbozi, ya kumenya na kuosha na kukausha, imekwisha kabla yake. Hatua anayoingoja ni kikaango. Punje haijakaangwa, basi ni green. Mkulima naye anangoja tunda liwive, ndiyo maana ubichi wake uko mtini.

Kwa hiyo mkalimani yule alipaswa kusema "kahawa safi, ambayo haijakaangwa", na ukumbi usingechafuka. Nasisitiza hili kwa wanafunzi wangu mpaka wanachoka: usitafsiri neno kabla hujajua msemaji anasimama wapi kwenye safari ya mali.

Nyongeza ya shambani: "green manure" ni mmea unaoufukia udongoni ukiwa bado laini, kama marejea, haujakomaa ukawa mti mkavu. "Green maize" ni mahindi mabichi ya kuchoma. Hapo bado nini? Bado hayajakauka ya kupukuchua.

Mama Parachichi, Njombe, alijibu:

Na sisi je? Wanunuzi wa parachichi wanatuandikia "green skin". Nikifuata mafundisho ya Mwalimu nitadhani wanataka bichi.

Ni kinyume. Kwetu green skin ni aina zinazobaki za kijani hata zikiiva, kama Fuerte. Hass si green skin, ingawa ukiitazama mtini ni ya kijani kama kawaida, kwa sababu ikiiva inageuka zambarau mpaka karibu nyeusi. Na zote mbili tunavuna zikiwa ngumu, kwa hiyo ubichi hautofautishi kitu. Mwaka fulani mnunuzi mmoja aliwakatalia watu wangu Hass nzuri kwa sababu karatasi ilijazwa green skin na aliyeijaza alitazama rangi ya siku ya kuvuna.

Kwa hiyo wakati mwingine rangi ni rangi.

Mwalimu wa Tukuyu alijibu:

Kabisa dada. Ukiona limeungana na skin ya tunda, yaani ganda, ni rangi. Kinachotajwa ni uso wa kitu. Vilevile green likiwa na mwenzake, kama bluish-green, au likiwa greenish, ni rangi bila ubishi. Ubichi hauna "bichibichi ya bluu".

Na yapo yaliyoganda kuwa neno moja, usiyafumue tena. Greenhouse ni kitalu nyumba, na sauti inakandamiza mwanzo, GREEN-house. Ukitamka kwa kuyatenganisha, ukakandamiza house, umesema nyumba iliyopakwa rangi ya kijani. Greens, yenye s, ni mboga za majani mezani.

Kijana wa Mafinga aliandika:

Wakuu nawashukuru kwa dhati. Nimemsomea baba mdogo majibu yote jioni hii, kuanzia la Fundi. Alinyamaza muda mrefu kwenye lile la mbao za dawa kutoka zimelowa.

Ana swali moja, nalileta kama alivyolisema: "Kama green ni bichi, basi maziwa mabichi ni green milk na nyama mbichi ni green meat?" Anasema akijibiwa hilo ataridhika.

Na mimi nina langu: nimjibuje mteja kwa maandishi?

Mwalimu wa Tukuyu alijibu:

Mwambie baba mdogo swali lake ni zuri na limefika pale panapowashinda wanafunzi wengi.

Hapana. -bichi yetu ni pana kuliko green, na njia hii hairudi nyuma. Maziwa mabichi ni raw milk. Nyama mbichi ni raw meat, na ukimwambia mtu green meat atadhani imeoza ikageuka rangi, ataitupa. Samaki mbichi wa Kyela akitoka ziwani leo ni fresh fish. Nguo iliyotoka kwenye kamba bado mbichi ni damp. Habari mbichi ni fresh news. Ndizi mbichi za mbalaga, hizo ndiyo, ni green bananas, na hapo rangi na hali vimekwenda pamoja, hakuna wa kugombana naye.

Chakula kinachongoja jiko, Mwingereza anakiita raw. Green analiweka kwa vitu vya viwandani na vya ufundi, kwa mimea na matunda, na kwa watu. Kahawa imeingia huko kwa mlango wa kiwanda. Sina kanuni fupi ya kumpa inayofunika yote, kwa sababu hayo yalipangwa na mazoea ya watu wa kila kazi, na yanajifunzwa kwa kusikia watu wa kazi hiyo wanavyosema.

Kuhusu barua, usilitumie neno green hata mara moja katika jibu lako. Taja unyevu kwa namba na taja dawa kwa jina lake. Andika hivi:

"Kindly confirm the maximum moisture content you accept, and whether you need treated or untreated pine."

Hapo umeuliza mambo mawili yaliyokuwa yamebanana ndani ya neno moja. Mbao kavu kwa hewa utaziita air-dried, za tanuri la kukaushia kiln-dried. Za dawa ni treated. Ukiandika hivyo, hakuna atakayegusa rangi.

Na ile sentensi yake ya kwanza, ya green company, usiipite kama salamu. Atataka kuona mbao zimetoka msitu unaopandwa upya. Kama mali yenu imetoka msitu wa serikali wa Sao Hill au shamba la mtu, weka tayari kibali cha kuvuna na hati ya kusafirisha mazao ya misitu. Umwambie mapema unazo.

Fundi wa Msumeno alijibu:

Mwalimu ameweka vizuri. Mimi nimpe kijana namba za kushika kabla hajaahidi kitu.

Kama huna mashine ya kupima unyevu, fanya kwa mizani na oveni. Kata kipande kutoka katikati ya mbao, usikate ncha. Kipime palepale. Tuseme gramu 780. Kiweke kwenye oveni nyuzi 103, kila baada ya saa kadhaa unakipima, mpaka uzito usishuke tena. Tuseme umegota 600. Maji yaliyotoka ni 180. Gawanya kwa uzito mkavu, 180 kwa 600, unapata asilimia 30. Hiyo bado green. Ingekuwa 690 ikashuka 600, ni asilimia 15, hiyo unapakia bila wasiwasi.

Wengi wanagawanya kwa uzito wa mwanzo. Wanapata namba ndogo ya kupendeza, mteja akipima kwake anapata kubwa, ugomvi unaanza.

Kijana wa Mafinga aliandika:

Mrejesho. Nilituma sentensi ya Mwalimu kama ilivyo. Mteja kajibu asubuhi: unyevu usizidi asilimia 18, na anataka zisizo na dawa kwa sababu ni za fremu za makochi. Kumbe kwenye nyeupe baba mdogo alikuwa na hoja, ila si hizi zilivyo leo.

Kipande tulichokata kwenye fungu jeupe kimetoa asilimia 64. Mteja tumemwambia ukweli, tukampa tarehe ya mbele na akakubali. Mbao za dawa tunazitafutia mtu wa paa hapahapa. Leo tumeanza kuzipanga nyeupe upya chini ya banda, na vijiti kati ya kila safu. Fundi, vijiti tuviweke umbali gani, na tukianza kupima kwa mashine tuchomeke wapi?

Fundi wa Msumeno alijibu:

Hapo sawa. Kwa mbili kwa nne weka vijiti kila futi mbili, na vinyooke, cha juu kikae juu ya cha chini mpaka ardhini. Kikikaa pembeni, mbao inabonyea ikikauka na haitanyooka tena. Inua fungu zima juu ya mawe au magogo, hewa ipite chini. Usibane na ukuta. Juu weka mbao mbovu na uzito, zile za safu ya juu ndizo zinazopinda.

Kupima: ingia ndani angalau nusu mita kutoka ncha, maana ncha inakauka mapema na itakudanganya. Chomeka pini kwenye mbao za katikati ya fungu, usipime za pembeni peke yake. Mbao ya inchi mbili inakauka ngozi kwanza, kwa hiyo chana moja katikati upime na ndani. Ndani ikisoma 18, hapo mpigie mteja. Na mashine hiyo ya pini usiitumie kwenye mbao za dawa ukaiamini, chumvi za dawa zinaipandisha. Hizo pima kwa oveni, lakini iwe ya maabara au ya kazi hiyo tu, isiwe ya kuokea mkate.

Mvua zikianza funga turubai upande unaotoka upepo, pande nyingine acha wazi.